Njaa ya Wapatanishi

Halima binti Bulaimu alikuwa amewapikia wazungu wa Kindu tangu reli ingali changa, na hakuwahi kuunguza hata wali. Siku ile aliuzima moto kwa makusudi.

Ndui ilikuwa ng'ambo ya Lualaba. Aziza, mwanawe wa pekee, alikuwa kambini huko, akimuuguza mumewe. Aziza mwenyewe alikuwa bado mzima. "Akichanjwa upesi, mkono ukavimba na kumuuma, amepona," daktari alikuwa amemwambia Halima.

Na dawa ilikuwepo! Waingereza walikuja nayo kwa treni kutoka upande wa ziwa, imelazwa katika sanduku la barafu, isiharibiwe na joto, barazani mwa nyumba ya wageni. Lakini halifunguliwi mpaka wao na Wabeleji wapatane.

"Wanabishana nini tena?" Halima alimuuliza Kitenge, mtumishi wa mezani aliyejua Kifaransa.

"Mwingereza anasema, ndui ikitokea kwenu mutuambie siku ileile. Mubeleji anasema, tukisema mutafunga mupaka, zahabu ya machimbo ya Kama itaozea kituoni. Mutupe dawa kwanza. Yule naye: habari kwanza."

"Zahabu haiozi, baba. Muntu njo anaoza."

Kwa Waislamu wa mji ule, koo mbili zikigombana, wanawake hawafunui vyungu mpaka wasikie wanaume wamepeana mikono. Tumbo tupu halina maneno marefu. Halima aliwaona wazee wakali wa kwao wakisameheana damu kwa harufu ya pilau tu. Wazungu nao si wana matumbo? Tena makubwa. Basi akamwaga maji jikoni, akatuma neno: kuni ni mbichi.

Adhuhuri ikapita. Sauti zikapanda.

"Mama Aziza, unawaua!" Kitenge alikuja akicheka. "Mukubwa wa Wabeleji anatazama maua ya mezani kama mbuzi."

"Wamepatana?"

"Bado. Wanakunywa."

"Wanywe. Bia haina mufupa, haishibishi."

Kitenge akapita na ndoo kwenda barazani, akarudi, akapita tena. Halima alimwona. Masikio yake, lakini, yalikuwa kwenye mlango wa mkutano.

Alasiri viti vikakwaruza, makofi yakalia. Wametia sahihi! Zile kuni mbichi zikawaka papo hapo. Halima akapasha moto kuku wa asubuhi, akampeleka kwa mkono wake, kisha akakimbilia barazani, ambako daktari alikuwa amefungua sanduku.

Vichupa vilikuwa vinaelea katika maji ya uvuguvugu.

"Barafu iko wapi?" daktari aliuliza.

Kitenge akatazama gilasi za mezani. "Bwana, waliniagiza. Chakula kilichelewa, wakataka bia baridi. Barafu ingine Kindu iko wapi?"

Daktari hakufoka. Alivuka mto na vile vichupa, akachanja kambi nzima, maana hakuwa na vingine.

Jioni mkubwa wa Wabeleji alifika jikoni kushukuru, na Kitenge akatafsiri, macho chini: "Anasema njaa yako njo imewapatanisha."

Siku zilizofuata Halima alishinda gatini. Mwishowe mpiga kasia alifika, amejaa tabasamu.

"Mama, Aziza anakusalimia. Anasema usiwe na hofu. Mukono haukuvimba, haumuumi hata kidogo."

Halima akamwambia asante, kama adabu inavyotaka. Akarudi jikoni. Kuni zilikuwa kavu, na moto ukamshinda kuwasha.