Ndevu za Samaki wa Tangi la Tano

"Umbo, nane," baba akasema, nami nikaandika nane. "Kichwa hakina bonde juu ya jicho. Mwili mviringo kama sahani. Ningempa na nusu juu yake, ila nusu haziruhusiwi."

Alikuwa ameinama mbele ya tangi la tano, mikono nyuma, pua imekaribia kugusa kioo. Ndani, samaki malaika wa rangi ya fedha alikuwa amejibana kwenye kona, bapa na mrefu, milia mitatu myeusi ikimshuka ubavuni. Ukumbi wa shule ulikuwa na matangi ishirini na mawili juu ya madawati. Kila tangi lilikuwa na namba tu, bila jina la mwenye samaki, na wenye samaki wenyewe walikaa nyuma ya kamba wakinong'ona.

"Ndevu," baba akaendelea. Ndivyo tunavyoyaita yale mapezi mawili membamba yanayoning'inia chini ya kifua. Zinatakiwa ziwe mbili, urefu sawa, zisizopinda. "Ndevu ziko sawasawa kabisa. Tisa."

Kalamu yangu ikasimama.

Samaki yule alikuwa na udevu mmoja. Wa pili ulikatika zamani, kikabaki kisiki kidogo kama punje ya mchele. Alichokiona baba kilikuwa ni kivuli tu. Samaki alikuwa kwenye kona, na kioo cha ubavuni kiliurudisha ule udevu mmoja, ukaonekana kama upo mwingine kando yake. Jaji mgeni hufanya kosa hilo mara moja, anachekwa, halirudii tena. Na aliyewafundisha majaji wote wa chama chetu cha wafuga samaki kulikwepa kosa hilo ni baba.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

Niliandika tisa. Kanuni ya chama ni kwamba jaji anasema na karani anaandika. Karani hana mdomo. Kazi yangu ya kila siku ni kujaza kadi za wagonjwa kwenye zahanati, kwa hiyo nimezoea kuandika ninachoambiwa. Lakini siku ile mkono ulikuwa mzito kama si wangu.

Miezi sita kabla ya hapo baba alifunga karakana yake ya redio. Alisema watu siku hizi hawatengenezi redio, wanatupa. Tukamwamini, ingawa vidole vyake vilikuwa na alama za kuungua, za mtu anayekosea mahali pa kugusisha chuma cha kulehemu. Baada ya hapo alibakiwa na hili tu. Samaki hawa alijifunza mwenyewe, bila mwalimu, kwa kuwatazama na kuandika kwenye madaftari ya shule miaka thelathini. Asubuhi ya maonyesho alikuwa amenyoosha shati lake jeupe mwenyewe kwa pasi. Kola ilikuwa na mkunjo mmoja mkubwa ambao hakuuona, na mimi sikumwambia.

Kwenye tangi la sita nilikohoa.

"Una kikohozi, mama?" Baba huniita mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake.

"Vumbi tu, baba."

"Basi kunywa maji. Karani akikohoa, samaki wanakunja mapezi."

La sita na la saba yalipita salama, maana samaki walikaa katikati ya maji. Tulipofika la nane, sauti ikatoka nyuma ya kamba.

"Jaji! Wangu akikosa kikombe na mwaka huu, namkaanga!"

Alikuwa Mama Ndoo, mshonaji wa sare za shule. Tulimpa jina hilo kwa sababu huleta samaki wake kwa ndoo iliyofunikwa taulo, akitembea taratibu kama amebeba mtoto aliyelala. Mwaka uliopita alikosa kikombe kwa alama moja.

"Ukimkaanga, usisahau chumvi," baba akajibu bila kugeuka. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nafikiria ile alama moja. Mwaka uliopita pia jaji alikuwa baba, na karani nilikuwa mimi, nimeinamia karatasi bila kuinua macho.

Tangi la tisa lilikuwa la Mama Ndoo. Sikutakiwa kujua, lakini asubuhi nilimwona akimwaga samaki wake humo. Samaki huyo ndiye alikuwa mzuri kuliko wote. Mapezi marefu bila hata ufa, ndevu mbili zimenyooka kama uzi uliofungwa jiwe, milia myeusi kama wino. Taa ya juu ya tangi hilo ilikuwa inazimika na kuwaka.

Baba alikaza macho muda mrefu. Nikaona jasho kwenye kisogo chake.

"Milia imefifia," akasema. "Rangi, nne."

Niliandika nane.

Sijui nieleze vipi. Sikuamua. Mkono uliandika, kisha ukarudi kwenye karatasi ya tangi la tano, ukakata tisa, ukaweka nne. Nikisema, baba amekwisha mbele ya watu wote. Nisiposema, mimi ni mwizi wa alama, tena za tangi ambalo mwenye samaki wake namjua. Niliomba kimoyomoyo umeme ukatike, mvua inyeshe, lolote litokee. Halikutokea lolote. Baba alisogea kwenye tangi la kumi akipapasa ukingo wa dawati kwa vidole, nami nikamfuata.

Tulipomaliza la kumi na moja, Katibu wa chama akaja. Ni mtu wa haraka, funguo zinamlia mfukoni.

"Mzee wangu, mlinzi anataka kufunga. Yaliyobaki kesho. Naomba karatasi."

Nilizishikilia. "Bado sijajumlisha."

"Nitajumlisha mimi, dada yangu." Akazivuta. Akapekua ya kwanza, ya pili, akafika ya tano, akasimama. "Hapa palikuwa tisa. Nani amekata? Mbona hakuna saini ya jaji?"

Nilitazama kalamu yangu.

"Nauliza kwa sababu kanuni ni kanuni," Katibu akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Karani akibadilisha alama, anafukuzwa. Na maonyesho yanafutwa."

"Tangi la ngapi?" baba akauliza.

"La tano. Ndevu."

"Nilisema tisa." Baba hasahau namba. "Mama, umeweka ngapi?"

"Nne, baba."

"Kwa nini?"

Nyuma ya kamba watu walikuwa wamesimama. Mama Ndoo alikuwa na taulo lake begani.

"Mmoja ni kivuli," nikasema.

Baba alirudi nyuma akihesabu madawati kwa mkono mpaka la tano. Samaki alikuwa bado kwenye kona ileile. Baba akabandika kiganja chake kwenye kioo cha ubavuni, akakifunika chote, akainama. Akauondoa mkono, akaurudisha, kama mtu anayejaribu swichi ya taa iliyoungua.

"Yeye hakuiba kitu," akamwambia Katibu. "Aliandika alichokiona. Mimi ndiye nilisema nisichokiona."

"Macho, mzee?"

"Macho."

Katibu akatazama karatasi, akatazama watu, akanirudishia zote. "Sijui la kufanya, Fundi. Kweli sijui. Kesho saa mbili kamati ikae. Wakikubali, tunaanza tena tangi la kwanza. Wasipokubali..." Hakumaliza. Akaenda kuwatoa watu nje.

Mama Ndoo alipita karibu na kamba. Nilidhani angeuliza habari ya mwaka uliopita. Alisema tu, "Wafunikeni vizuri, wasishtuke," akatoka.

Nikaanza kutandaza mashuka juu ya matangi. Baba alikuwa amesimama mbele ya la kumi na mbili, ambalo hatukuligusa.

"Mwaka jana," akasema. "Ile alama moja."

"Sijui, baba. Sikutazama samaki. Nilitazama karatasi."

Akatikisa kichwa polepole. "Huyu yuko upande gani?"

"Kulia. Karibu na juu."

"Nieleze. Usinipe namba. Nieleze tu."

"Mwili ni mviringo. Kichwa kina bonde kidogo juu ya jicho."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama alama ya kucha kwenye sabuni."

"Hapo sawa. Endelea."

"Pezi la mgongoni..."

Mlinzi akazima taa za upande wetu. Samaki akabaki umbo jeusi, kisha sikumwona tena.

"Acha hapo," baba akasema, akinyoosha mkono kutafuta bega langu. "Funika. Kesho tutaanzia pezi la mgongoni."