Kidimbwi cha Mwalimu Konokono

Alipokuwa hai walimwita mwendawazimu. Alipokufa, wakamkodia vipaza sauti. Mjukuu wake alikaa safu ya mwisho sebuleni kwa marehemu, akiwatazama waombolezaji wakipokezana kumvika bibi yake kilemba cha ukoka, na kila aliyeinuka alimchefua kuliko aliyemtangulia.

Bibi alifundisha sayansi maisha yake yote katika shule iliyo ng'ambo ya barabara. Wanafunzi walimpachika jina la Mwalimu Konokono, maana mvua ikinyesha alilizuia darasa zima mlangoni mpaka konokono wamalize kuvuka njia. Mkuu wa shule, ambaye sasa alikuwa akipangusa macho makavu kwa leso, ndiye aliyempokonya maabara kwa kosa la kufuga vyura kwenye beseni. Vyura wakahamia uani kwake, kwenye kidimbwi alichokichimba mwenyewe kwa jembe.

"Alikuwa mama wa mazingira!" mkuu alinguruma kwenye kipaza sauti. Mjukuu akasonya, wala hakujificha.

Kisha akainuka mjomba, mtoto wa kiume wa marehemu, tumbo mbele, mwenyewe nyuma. "Ndugu zangu, mama alipenda viumbe. Kwa heshima yake, kile kidimbwi tunakifukia, tunajenga chemchemi ya marumaru yenye taa za rangi, na jina lake tunalichonga hapo juu. Lori la kifusi liko njiani."

Wakapiga makofi. Yaani wanawaua vyura wa mtu kwa heshima yake, na watu wazima na akili zao wanapiga makofi!

Mjukuu akamgeukia mama yake. Nyumba sasa ilikuwa urithi wa mama na mjomba, kaka na dada. Dada asipokubali, kifusi hakishuki. Lakini mama huyo hakuwahi kumkatalia kaka yake kitu tangu utotoni. Angeambiwa maziwa ni meusi, angeomba kikombe cha maziwa meusi. Mjukuu alikuwa amemsihi asubuhi nzima jikoni akatae, akaambulia, "Usinigombanishe na kaka yangu, mwanangu." Alimpenda mama yake, na siku hiyo alimdharau kuliko wote mle ndani.

"Dada, si tumekubaliana?" mjomba aliuliza huku akijirudisha kitini. Hakungoja jibu, hakuwa na mazoea ya kungoja.

Mama aliinuka taratibu. "Twende tukaone," alisema.

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Ndivyo marehemu alivyomkata kauli mwanafunzi, mzazi, hata mkaguzi, yeyote aliyeropoka juu ya kiumbe asichowahi kukitazama. Nusu ya wageni walifundishwa naye, na miguu yao iliinuka kabla ya akili. Wakatoka uani, viatu vyao vya kung'aa vikazama matopeni.

"Haya, mheshimiwa," mama alimwambia mkuu wa shule. "Umemsifu sana kwa kupenda viumbe. Nitajie kimoja tu kinachoishi humu."

Mkuu alichungulia majini. "Samaki," akasema. Na vyura aliwafukuza yeye mwenyewe!

"Hakuwahi kufuga samaki. Wangewala viluwiluwi. Kaka, wewe je?"

Mjomba aliyatazama maji, akamtazama dada yake. "Unatuaibisha mbele za watu. Haya tutayazungumza ndani."

"Ndani nimekaa sana, kaka."

Lori likaingia kinyumenyume kupitia geti, likilia pii, pii. Mjomba, aibu imempanda mpaka masikioni, alimpungia dereva aendelee. Bodi la lori likaanza kuinuka, kokoto za kwanza zikadondoka majanini.

Mama alivua viatu, akakusanya gauni mkononi, akaingia kidimbwini mpaka magotini. Viluwiluwi wakatawanyika, kisha wakarudi na kumzunguka. Macho hakuyabandua kwa kaka yake.

"Mwambie amwage," alisema.

Mjomba akashusha mkono. Dereva akazima injini. Mjukuu alivua viatu vyake, akaingia majini kando ya mama yake, na hakuweza kumtazama usoni.