Uzi Mwekundu Ndani ya Kola

Mtaani wananiita Povu. Ukiwauliza watakwambia ni kwa sababu ya sabuni, maana mimi ni dobi. Waongo wakubwa. Ni kwa sababu ya mdomo wangu, na siwalaumu, kwani hata siku ile niliyokwenda kwa watu wa akiba nilikuwa nimejaa mpaka hapa kooni.

Mpango wao ni mzuri, sitaki kuwaonea. Mtu wa kipato kidogo anaweka akiba kila mwezi, mwaka mmoja na nusu bila kukosa, na kwa kila shilingi moja anayoweka wao wanaongeza mbili. Ila hupewi mkononi. Wanalipa wao dukani, kwa kitu cha kukuinua. Ukichagua wasichokubali, unarudishiwa chako, nyongeza inabaki kwao. Mimi niliweka miezi yote kumi na minane. Kuna miezi tulikula mboga isiyojua mafuta, mpaka wifi yangu, dada wa mume wangu ambaye nafua naye, akasema, "Hiyo mashine ikija naomba niikalie, wifi, maana nimeilipia kwa tumbo langu."

Mashine ya kufulia, basi. Vidole vyangu vitatu vya mkono wa kulia vimekufa ganzi. Asubuhi nikishika kikombe sijui kama nimekishika mpaka nikitazame. Daktari alisema niache kukamua nguo, la sivyo mkono wenyewe utaniachisha. Sasa dobi asiyekamua atakula nini?

Jumatatu ikaja barua. Ombi limekataliwa: mashine ya kufulia ni kifaa cha starehe ya nyumbani, nichague kitu cha uzalishaji kabla ya Ijumaa, ama nyongeza itafutwa. Wifi aliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ya msoma habari. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye beseni, mgongo unawaka moto. Nikamwambia arudie hapo kwenye starehe.

Kesho yake nikaenda kwa afisa wao. Akanionyesha fomu yangu, ile aliyoijaza yeye mwenyewe siku ya kwanza. Penye kazi aliandika "mama wa nyumbani".

"Ulisema unafua nyumbani," akasema.

"Nilisema nafua nguo za watu, nyumbani kwangu."

"Kila mwanamke anafua, dada."

Nikatazama shati lake jeupe, mkono umenyooshwa mstari mmoja tu, kola imesimama. Pasi yangu naijua kama ninavyojua mwendo wa mwanangu.

Marehemu mama yangu, naye dobi, alinifundisha: ukitaka kula, usipoteze nguo ya mtu. Kila furushi lina rangi yake ya uzi, mishono miwili ndani ya kola, mahali ambapo mwenye nguo hapatazami. Nguo za maofisini napewa na mwenye duka la kona. Anazipokea yeye, nafua mimi, anazirudisha yeye, na watu wanadhani ndiye fundi. Furushi moja la mashati meupe nalitia uzi mwekundu. Miaka tisa nalifua bila kujua ni la nani.

"Naomba kuonana na kamati," nikasema.

"Inakaa Alhamisi. Lakini kanuni ni kanuni."

"Na mimi ni mimi."

Alhamisi tukaenda na wifi, tumeshika beseni huku na huku. Ndani yake lile furushi la uzi mwekundu la wiki hiyo, chafu kama lilivyoletwa, na kipande cha sabuni juu yake. Walikuwa watano mezani, afisa mmojawapo, na mwenyekiti ni mama mwenye miwani ya kuning'inia. Tukalitua beseni juu ya zulia lao.

"Hii ni nini?" mwenyekiti akauliza.

"Starehe," nikasema.

Kisha nikamgeukia afisa. "Geuza kola yako. Ndani kuna uzi mwekundu, mishono miwili."

Akacheka, akatafuta wa kucheka naye. Mwenyekiti akamwambia ageuze. Aliyekaa pembeni yake akachungulia, akauona, halafu bila kuambiwa akapeleka mkono nyuma ya shingo yake mwenyewe. Wa tatu naye akajipapasa.

"Na mimi?" mwenyekiti akauliza taratibu.

"Wako wa bluu, mama. Hiyo blauzi kifungo cha tatu kilikuwa kimelegea. Nikakikaza, sikudai kitu."

Akakigusa kile kifungo.

"Miaka tisa nawatoa nyumbani mkiwa watu wa kuheshimika," nikasema, "leo mnaniandikia sina kazi. Haya. Nguo hizo, sabuni hiyo, nimewanunulia mimi. Kaeni mstarehe."

Afisa akaanza kusema kwamba orodha ya vitu wanavyokubali haina mashine ya kufulia. Mwenyekiti akamkata. "Orodha ina vifaa vya kazi ya mwombaji. Kazi yake hapa aliandika nani?" Afisa akatazama beseni. Yule mama akavaa miwani, akakata yale maneno ya mama wa nyumbani kwenye fomu, akaandika dobi kwa herufi kubwa, na kalamu ikazunguka meza nzima, wote wakatia sahihi.

"Tumekukosea," akasema. "Sasa tuondolee beseni, tafadhali."

"Mashine ikifika kwangu, nitakuja kulichukua."

Kwenye ngazi wifi akaninong'oneza, "Wee Povu, na mashati ya watu?"

"Yana wenyewe."

Mashine ikafika Jumatano iliyofuata. Wifi aliikalia kweli, tena akakataa kushuka mpaka fundi wa maji alipomwomba. Mchana nikaenda kuchukua beseni langu. Mashati yalikuwa yamefuliwa, kama kule ni kufua: yamejikunja, povu limekaukia mifukoni, na kola zote zina mstari mweusi. Afisa alikuwa amesimama kando, viungo vya vidole vimechubuka. Hakunitazama usoni.

"Dada," akasema, "huu uchafu wa kola unatokaje?"

Nikamnyooshea mkono wa kulia, vile vidole vitatu.

"Kwa hivi," nikamwambia. "Lakini hivi vimestaafu."

Akainama, akaliinua beseni, akanibebea mpaka barabarani. Sikumkataza.