Sakafu ya Spana

Kila mtu alimwita Spana, hata shangazi yake aliyemlea, na yeye alikwisha kulizoea jina hilo kiasi kwamba ukimwita la kuzaliwa hageuki. Alikuwa fundi wa mashine za boti, na wiki hiyo alikuwa ameapa kwamba Shangazi hatang'olewa kwenye usukani.

Shangazi ndiye aliyeendesha boti ya kituo cha afya, akivusha wagonjwa ziwani kwa miaka kumi na tisa. Sasa baridi yabisi ilikuwa imemkaa kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia, na kidole hicho ndicho kinachobonyeza kitufe cha kuinamisha na kuinua mashine. Mashine isipoinamishwa vizuri, pua ya boti inapanda, na mgonjwa kwenye machela anateleza kwenda nyuma. Mwezi uliopita mama mjamzito aliteleza kweli. Hakuumia, lakini mganga mkuu wa kituo hakutaka maelezo.

"Ijumaa nitaipima boti mwenyewe," alisema. "Machela ikisogea, tutatafuta dereva mwingine."

Tangu siku hiyo Shangazi alikuwa akimwona mganga, mkono wa kulia unaingia mfukoni.

Spana hakulia wala hakumbembeleza mtu. Alijifungia karakanani siku nne, akatengeneza kisanduku cha kuhisi mlalo wa boti na kuiamuru mashine iiname au iinuke yenyewe. Ili kukifundisha usawa, aliiweka boti kwenye tela, pua ikielekea mlangoni, akapima kwa futi kutoka sakafuni, mbele na nyuma, mpaka vipimo vikalingana. Kisha akabonyeza kitufe chekundu, kisanduku kikashika usawa huo.

Ijumaa asubuhi wakaingia majini watatu: Shangazi usukanini, Spana nyuma, mganga katikati kando ya machela yenye gunia la mchanga. Shangazi akaongeza moto. Pua, badala ya kutulia, ikainama, ikainama tena, ikachota ziwa. Gunia likaja mbio likatua miguuni pa mganga, na wote wakalowa chapachapa.

"Spana," alisema Shangazi, akitema maji, "hiki kisanduku chako kimelewa."

Mganga alifuta miwani yake, asicheke hata kidogo. "Saa tisa narudi. Mara moja tu. Hakuna ya tatu."

Karakanani Spana alikagua waya moja baada ya nyingine. Zote nzima. Alisimama katikati ya chumba, akavua ovaroli na kuikamua kwa hasira, na maji yakaanza safari yao kuelekea mlangoni bila kusukumwa na mtu. Akayatazama. Sakafu hiyo aliimwaga zege mwenyewe, akaiteremshia mlangoni makusudi ili maji ya kuoshea mashine yatoke yenyewe, na hakuna mteja ambaye hakusimuliwa ujanja huo, apende asipende. Juu ya sakafu hiyo hiyo ndipo alipokifundisha kisanduku usawa, pua ikiwa upande wa mteremko!

"Mjinga mimi," alisema kwa sauti. Akavaa ovaroli mbichi vilevile, akatoka mbio.

Njiani alikwisha kuona kwamba hata pimamaji, kile kipimo cha mlalo cha mafundi, halitamsaidia. Boti inayokimbia vizuri hailali sawa kabisa. Pua huinuka kidogo tu, na hicho kidogo hakuna kifaa chake kilichokijua. Aliyekijua alikuwa ameketi gatini akikamua kitambaa cha kichwa kwa mkono wa kushoto.

"Shangazi, nakiomba hicho kidole. Mara moja tu."

"Kinaniuma tangu alfajiri, mwanangu."

"Najua. Ndiyo maana nasema mara moja."

Shangazi alimtazama, akasonya, akapanda botini.

Walipofika mahali penye nafasi aliongeza moto na kuweka kidole kwenye kitufe. Alikunja uso. "Bado," alisema. "Bado..." Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Boti ikaacha kudunda, mashine ikaanza kuimba nyepesi. "Hapo! Hapo hapo, usiiguse!"

Spana akabonyeza chekundu. Shangazi akaachia kitufe chake, na boti ikabaki vilevile, hata alipopunguza moto na kuongeza tena.

Saa tisa mganga aliliondoa gunia, akalala yeye mwenyewe kwenye machela, mikono kifuani. Walivuka wakarudi. Hakusogea hata inchi.

"Vizuri sana," alisema akiinuka gatini. "Kwa hiyo sasa yeyote anaweza kuiendesha."

Spana hakuinamisha uso. "Kuiendesha, Daktari, sawa. Lakini kisanduku hakijui chochote ambacho hakijafundishwa. Mkibadilisha mashine, mkiongeza machela ya pili, kitafundishwa upya."

"Na wewe si upo?"

"Usawa wa asubuhi nilikifundisha mimi. Uliona. Huu wa sasa umetoka kwenye kidole cha Shangazi."

Mganga aliitazama suruali yake, bado mbichi. Kisha akamtazama Shangazi, aliyekuwa akifunga kamba gatini kwa mkono wa kushoto.

"Jumatatu saa moja, mama. Usichelewe."

"Nimewahi kuchelewa lini?" alisema Shangazi, akautoa mkono wa kulia mfukoni na kumpa mganga aushike, apande gatini.