Ncha Yenye Muhuri

Wenzangu mnaolea mabinti mafundi cherehani, haya nayaandika kwa ajili yenu. Jora zima likiingia nyumbani, lifungueni lote kwanza, mtafute muhuri wa forodha. Mkasi ukianzia kwenye ncha ile, kitambaa kilicholipiwa ushuru kinageuka cha magendo mkiwa mnakitazama.

Binti yangu alizoea kununua kwa vipande. Mwenye duka ndiye aliyekata, na siku zote alianzia ncha ya ndani, yenye muhuri akaiacha hadi mwisho. Sisi tulidhani ni mazoea yake tu. Siku binti alipopata uwezo wa kununua jora lake mwenyewe, alilipakata njia nzima kama mtoto mchanga, na hakuna aliyemwambia kitu.

Lilikuwa la pamba nzito kutoka nje. Nguo za viwanda vya kwao wakoloni ziliingia karibu bure, hizo hazikuulizwa. Za nchi nyingine walizitwika ushuru ili sote tununue zao, ambazo ukizifua mara mbili unaona jua upande wa pili. Basi watu wakawa wanazipitisha hizo za nchi nyingine kwa mlango wa nyuma, na wakaguzi wakawa wanapita baraza kwa baraza wakipekua mafundi.

Mkaguzi alikuja asubuhi, binti anapiga pasi mashati. Nyuma yake askari. Akalikunjua jora juu ya meza mpaka ule ubao wake wa katikati ukaanguka sakafuni. Akaligeuza. Akauliza muhuri uko wapi. Binti akanitazama mimi, nikajua tumekwisha.

Alisema ameukata. Aliona wino utachafua nguo ya mteja, kipande kile akakitumia kushona mifuko ya suruali, ndani kusikoonekana.

"Suruali ya nani?"

Ya mpagazi wa sokoni, yule wanayemwita Mabega. Binti akaongeza kwamba mwenye duka ni shahidi. Mkaguzi akasema kila mwenye duka ni shahidi. Jora linachukuliwa, cherehani inachukuliwa, na mwenye cherehani anakwenda kulala ndani. Askari akaanza kulegeza skrubu za cherehani.

"Mwanangu," nikamwambia askari, "na wewe una mama. Nipe nafasi nimlete huyo mtu."

Mkono wake ulipunguza kasi.

Nilikimbia bila viatu. Mabega nilimkuta ana gunia mgongoni. Nilimweleza huku nimemng'ang'ania mkanda, wenzake wakacheka, mmoja akasema bibi leo kapata mchumba. Mabega hakucheka. Alitua gunia, akanifuata.

Pale barazani akaingia nyuma ya pazia, akaivua suruali ile, akaipitisha pembeni. Binti akafumua mifuko yote miwili kwa wembe. Muhuri ulikuwa umegawanyika, nusu mfuko wa kulia, nusu wa kushoto. Akaviunganisha vipande juu ya meza. Taji la muhuri likakutana, namba zikakutana. Mwaka haukuwepo. Ulikwenda na vipande vya pembeni alivyopunguza wakati wa kushona, navyo tulishavifagia.

"Sasa mimi, dada fundi, pesa nitaweka wapi? Mdomoni?" Mabega aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

Mkaguzi aliinama, akasugua kitambaa cha mfuko kwa kidole gumba, kisha cha jora, kisha cha mfuko tena.

"Muhuri usio na mwaka ni wino tu," akasema. "Lakini naona ulikuwepo. Jora nachukua. Wewe baki na cherehani yako, na siku nikikuta hivi tena, mama yako asihangaike kukimbia."

Askari akalitupa jora begani, wakaondoka. Mashati mawili yaliyokwisha kukatwa katika jora hilo ndiyo yaliyobaki, na la tatu lilikuwa na mkono mmoja.

Binti alikaa chini palepale, akaniuliza kama kweli wangemchukua. Nikamwambia wangemchukua, wala nisingejua wamempeleka wapi. Alilia sana. Ningeweza kumpoza moyo, lakini nilimwacha alie, kwa sababu nilitaka aogope. Na wako mwogopeshe leo, kabla jora halijafunguliwa.