Kifungo cha Tumsifu

Usiku wa kuamkia leo niliota koti la programu yetu limekataa kuvuliwa.

Programu yenyewe ni ya kompyuta, ya kukadiria mvua. Tuliiandika watu kumi na tisa, bure, chini ya leseni kali: ukiigusa, na chako chote ukifungue, yaani programu yako uliyoichanganya nayo uiache wazi kwa kila mtu. Vyama vya wakulima vinaiogopa. Tunataka leseni nyepesi, ila kila aliyeandika lazima aridhie. Kumi na wanane tumeridhia. Aliyebaki ni rafiki yangu Tumsifu, na Tumsifu tulimpoteza Januari.

Basi, ndotoni programu imekaa kwenye kigoda, kimo chake cha mtoto wa darasa la pili, imevaa koti la vifungo kumi na tisa. Naigusa bega. Milango yote ya nyumba inafunguka, na makabati, na sanduku la nguo za ndani.

"Shikamoo," nikaliamkia koti.

"Marahaba. Aliyeshona kifungo ndiye akifungue."

Vifungo kumi na vinane vikafunguka. Kimoja kikagoma.

"Kikate," ikasema programu. "Mkasi huo hapo. Ila mistari yote aliyoandika Tumsifu itatoka, uiandike upya mwenyewe."

Nikashika mkasi, nikashindwa. Jamani, niliumia. Mistari ile ndiyo sauti yake niliyobaki nayo, mpaka ule utani wake aliouchomeka katikati ya hesabu.

Hapo chumba kikawa shamba la kahawa, Old Moshi. Tumsifu amesimama na kipimo cha mvua, anapima mvua isiyonyesha.

"Umekonda, bwana," ananiambia.

"Wewe umekufa."

"Eeh, ndiyo hivyo."

"Njoo ufungue kifungo basi."

"Marehemu hasaini. Changu chote sasa ni cha mama. Nenda kwake."

"Naona haya. Sikuja kukuzika."

"Najua. Nilikuwepo."

"Kulikuwa na kazi nyingi, Tumsifu, nika..."

"Acha." Akaandika kitu kwenye daftari lake la mvua. "Watu kama nyie mpaka msukumwe."

Akaondoka kati ya mibuni, na mimi miguu ikakataa kumfuata. Nikaita mpaka sauti ikakauka.

Niliamka saa kumi na mbili na nusu, mto umelowa. Simu ikatoa mlio wa ujumbe. Ni mama yake Tumsifu. Tangu msiba sijawahi kumpigia hata mara moja, na hilo la leseni hakuna aliyemweleza.

"Mwanangu Anaeli, umeamkaje? Mimi sijalala vizuri, Tumsifu kanisumbua kweli. Anasema una karatasi ya mimi kusaini na unaona haya kuja. Haya ya nini, baba? Njoo nayo. Kaburi nitakuonyesha mimi."