Swali la Nne la Mshenga

Gaudiosa aliweka chai mezani, akajiuma midomo. Mshenga, Mzee Cornel, alikuwa ametoka Msowero kumposea kijana Deo binti wa Gaudiosa, Imani, na sasa alikuwa anauliza yale matatu yanayoulizwa siku zote.

"Ukoma kwenu?"

"Haupo," alijibu Lukasi, shemeji yake Gaudiosa, ndugu wa marehemu mumewe na msemaji wa ukoo.

"Kifafa?"

"Hakipo."

"Wendawazimu?"

"Mzee wangu, usituvunjie heshima! Ukoo safi huu."

Kikombe kikamchezea Lukasi mkononi, chai ikamwagikia suruali yake ya mtumba. Akacheka peke yake.

Mungu nisamehe, Gaudiosa alijisemea, huyu mtu hata suruali inamsuta. Miaka ishirini na mbili nyuma wazazi wake walimuuliza mshenga wa ukoo huu hayo hayo matatu, akajibu hivyo hivyo, naye Gaudiosa akaolewa. Shamba la mkonge alikofanya kazi mumewe Simoni lilipopata tajiri mpya, yeye alikuwa wa kwanza kupunguzwa: eti mlevi, anayumba. Simoni ambaye hata togwa iliyochacha aliikataa! Mikono ikacheza, miguu ikacheza, ulimi ukawa mzito, akafa hamjui hata mwanawe. Daktari mmoja wa Morogoro alimweleza Gaudiosa taratibu: si pepo, ni hitilafu kwenye chembe za urithi. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto yuko nusu kwa nusu, kuirithi au kuikosa, na mara nyingi haionekani mpaka ukubwani. Chembe yenyewe wataalamu wameshaigundua. Dawa ya kuiponya bado.

Amemweleza Lukasi mara ngapi? Jibu ni lile lile: "Shemeji, acha hadithi za hospitali."

"Basi tumemaliza," alisema Cornel, akichukua kofia.

"Kaa kwanza, mzee. Kuna la nne hujauliza."

"Shemeji!" Lukasi aling'aka. "Utamkosesha mtoto mume!"

"Mimi mlininyima neno moja, nikauguza miaka tisa. Hebu weka hicho kikombe chini, unatumwagia chai."

Imani alichungulia kutoka jikoni. Jana alikuwa amesema, "Mama, sema wewe, mimi nitalia." Gaudiosa akaeleza yote, mpaka nusu kwa nusu.

Cornel alishusha pumzi. "Nitamfikishia Deo kama ulivyosema, mama."

Jumapili baada ya misa Deo alikuja mwenyewe na baiskeli. Akaamkia shikamoo, akaomba aelezwe upya, polepole, Imani akiwepo. Gaudiosa akaanza mwanzo. Lukasi naye alikuwepo, mikono ameikalia isicheze.